Mifuko Mitatu ya Saruji

Kupe nilimjua tangu utotoni.
Huyo hana siri: hung'ang'ania sikio la mbwa
hadi avimbe kama zabibu ya Machi,
na ukimvuta polepole kwa kibano, bila kumminya,
anatoka na kichwa chake.
Papasi ni mwingine.

Papasi hakai mwilini, anakaa nyumbani.
Mchana yumo kwenye ufa wa ukuta wa tembe,
bapa, rangi ya vumbi,
anaweza kufunga miaka asifuturu.
Usiku hushuka, hunywa muda wa kuchemsha chai,
hurudi kwake. Akiuma, huhisi kitu.
Alfajiri unakunja mkeka ukidhani ulilala peke yako.

Sechelela aliniandikia tarehe tatu:
"Kaka, malaria tena."
Tarehe saba: "Nimepona, niko shambani, uwele umekubali."
Tarehe kumi na tano: "Imerudi."
Mimi nilikuwa Mtumba, nimepiga magoti,
napanga marumaru kwenye ofisi za watu,
nagonga kwa nyundo ya mpira
nikisikiliza kama chini yake pana uwazi.

Mbwa wetu anaitwa Deni.
Babu alimpokea akiwa wa wiki sita
mahali pa elfu arobaini ambazo hazikulipwa.
Alilala miguuni pa Sechelela, sakafu ya udongo,
pamoja na kuku, na mbuzi mwenye mapacha.
Na homa ile ikawa na mwendo wa mdai:
inabisha, inatikisa mkeka, inaondoka,
unashusha pumzi, unasonga ugali,
na wiki haijaisha iko mlangoni.

Mwaka juzi iliondoka na mimba ya miezi saba.
Tukasema kijicho. Tukamtaja mtu kwa jina.
Bi Mbeleje, jirani, hajatusalimu tangu siku ile,
na ana haki.

Safari hii Sechelela ana mimba nyingine, ya miezi mitano.
Kipimo cha malaria kilileta mstari mmoja tu.
Malogo wa maabara, miwani yake imefungwa kwa uzi,
akamwambia: "Usije ukishapoa. Njoo ukitetemeka."
Akaja akitetemeka, nyuma ya baiskeli yangu,
meno yakigongana hadi kengele ikawa haina kazi.

Tone moja juu ya kioo. Malogo akanipisha nichungulie.
Kati ya chembe za damu
kijiuzi kilichojisokota, kama unywele wa mtoto mchanga,
kilipita kikisukuma wenzake
kama mtu aliyechelewa mnadani.
"Ana binamu Ulaya," alisema Malogo,
"anayesafiri ndani ya kupe wa vichakani.
Yule mara nyingi huacha duara jekundu kwenye ngozi.
Huyu wetu hana hata adabu ya kubisha hodi."

Walimlaza usiku wa kwanza wa dawa,
maana vijiuzi vikifa kwa wingi homa hupanda kwanza.
Ilipanda. Nilihesabu pumzi zake hadi jogoo.
Ikashuka.

Nikanunua saruji, mifuko mitatu.
Nyufa tulizijaza kwa udongo wa kichuguu,
tukasiriba hadi ukuta ukakosa pa kuficha sindano.
Kitanda cha kamba, mbali na ukuta.
Neti, pindo limechomekwa chini ya godoro.
Kuku bandani, mbuzi zizini.
Deni tulimwogesha kwa dawa ya kupe;
alitutazama kama mtu aliyesalitiwa na ndugu,
kisha akakimbilia ndani, saruji ikiwa bado mbichi.
Nyayo zake nne ziko pale. Sikuzifuta.
Sasa analala nje, kwenye kibanda cha mabati.

Jioni nilikwenda kwa Bi Mbeleje kuomba radhi.
Alikuwa anapeta uwele. Alinisikiliza,
ungo haukusimama.
Nikamweleza ufa, usiku, kijiuzi, mimba.
Hakusema nimesamehe.
Makapi yalipokwisha aliuliza, bila kuniangalia,
chumba kimoja hula saruji kiasi gani.

Nikavua viatu mlangoni pake,
nikaanza kupima kwa hatua.